Nusu tezi na baridi ya mwezi wa sita

Mwezi wa sita Mbeya kila mtu anavaa sweta, hilo halina mjadala. Asubuhi Uyole ukiongea unatoa moshi mdomoni, watoto wanakuja shule mikono wameificha ndani ya sweta, chaki yenyewe inaganda vidoleni. Kwahiyo mwaka ule nilipoanza kusikia baridi kuliko kawaida sikushtuka na hakuna aliyeshtuka. Nililala na mablanketi mawili, nikaongeza la tatu, nikaanza kulala na soksi na kilemba, mchana kwenye jua la saa saba mimi bado nimejifunga kitenge begani. Mume wangu akasema baridi ya mwaka huu imezidi, na mimi nikaitikia ndio imezidi. Yeye alikua analala na blanketi moja.

Hapo nilikua na miezi mitatu tangu nitolewe nusu ya tezi ya shingo, na katika ile miezi mitatu hakuna mtu hata mmoja aliyekua ameniambia kwamba hivyo vitu viwili vinaweza kuwa ndugu.

Nianze mwanzo. Uvimbe wangu aliuona mtoto wa darasa la tatu. Nilikua nakunywa maji mbele ya darasa, akanyoosha mkono akasema mwalimu, kuna kitu kinapanda na kushuka shingoni ukimeza. Nilienda nyumbani nikasimama mbele ya kioo na glasi ya maji nikameza, nikaona kweli, upande wa kulia kuna kitu kama kokwa la parachichi dogo kinapanda na kushuka. Baadae daktari alinieleza kwamba tezi ya thairoidi imeshikana na koo, kwahiyo ukimeza nayo inapanda, na uvimbe unaopanda nayo mara nyingi maana yake umo ndani ya tezi yenyewe. Mtoto wa miaka tisa alikua ameshanipima.

Mimi rovu, yani goita, silionei ugeni. Bibi yangu mzaa mama ni wa Umalila, na shingo yake ilikua kubwa mpaka ushanga ulikaa juu yake umetandazwa kama mtu kautandika. Kijijini kwao wanawake wengi wa umri wake walikua hivyohivyo na walikua wanaona ni kawaida ya wanawake wa kule, wengine walisema ni kubeba mizigo kichwani, wengine maji ya mtoni. Wa maji hawakua mbali sana na ukweli. Huku kwetu milimani mvua za miaka na miaka zimeosha madini joto kwenye udongo yakaenda zake baharini, kwahiyo viazi, mahindi na maharage yanayoota hapo hayana madini joto ya kutosha, na tezi ikikosa madini joto haiwezi kutengeneza homoni yake, basi inajitanua ikijaribu kukamata hata kidogo kinachopita. Ndio rovu hilo. Ni tezi yenye njaa.

Nakumbuka nikiwa shule ya msingi tulipangwa mstari tukapewa kidonge laini chenye mafuta ndani, tukaambiwa meza hapa hapa mwalimu akuone. Vilikua vya madini joto, vilitolewa miaka ya 1980 na 1990 kwenye wilaya zilizokua na hali mbaya, na nyanda za juu kusini tulikuwemo. Alafu katikati ya miaka ya 1990 ikaja sheria kwamba chumvi ya kula iwekwe madini joto. Kwahiyo kizazi changu tuna shingo tofauti na za bibi zetu, na hilo ni jambo kubwa sana ambalo watu wanalipita tu dukani wakichukua pakiti ya chumvi. Hata hivyo uvimbe mmoja mmoja bado unatokea, nao hauhitaji sababu ya chumvi, unaweza kuota kwa mtu anayekula chumvi nzuri maisha yake yote.

Haya. Nikapigwa utrasaundi, nikachomwa sindano nyembamba wakanyonya chembechembe kidogo wakazipeleka maabara, majibu yakarudi ya katikati: sio saratani waziwazi lakini kwa sindano peke yake hawawezi kusema sio. Kuna aina ya uvimbe wa tezi ambao ni lazima uutoe wote uuangalie ganda lake ndio ujue. Ndio maana nikakatwa. Tezi hii ina pande mbili kama mabawa ya kipepeo, katikati zimeungwa na daraja jembamba, mimi wakatoa upande wa kulia na lile daraja, wakaacha wa kushoto. Majibu ya mwisho yalikua mazuri, hakuna saratani. Nililia pale kwenye korido na sioni aibu kusema.

Sauti ilikwaruza wiki tatu hivi. Kuna neva inayoendesha sauti inapita nyuma kabisa ya tezi, na daktari wa upasuaji anapita kandokando yake, kwahiyo kukwaruza kwa muda ni jambo linalojulikana. Kwa mwalimu ni mateso lakini iliisha.

Siku ya kutoka wodini nikaambiwa sentensi moja ambayo nimeirudia kichwani mara nyingi: "Nusu iliyobaki itafanya kazi yote, nenda kaendelee na maisha." Nikapewa tarehe ya kukagua kidonda. Kidonda kikakaguliwa, kikasifiwa, basi. Hakuna tarehe nyingine. Hospitali siitaji na sina nia ya kuitaja, walionikata walinikata vizuri na kovu langu leo halionekani mpaka uambiwe. Ila ile sentensi haikukamilika, na mimi kipande kilichokosekana nimekilipia kwa mwili wangu.

Kukamilika ingekua hivi: nusu iliyobaki *mara nyingi* itafanya kazi yote. Kati ya watu watano waliotolewa nusu, mmoja hivi itamshinda. Haimshindi siku hiyo hiyo, inamshinda polepole, wengi ndani ya mwaka wa kwanza. Kwahiyo rudi baada ya wiki sita mpaka nane tupime damu, na baada ya hapo tupime tena kila baada ya muda. Sekunde ishirini za kuongea, yani hata thelathini hazifiki.

Mimi nilikua yule mmoja wa watano, na dalili zilikuja kwa upole kiasi kwamba kila moja ilipata maelezo yake nyumbani. Baridi, tushasema ni Mbeya. Kunenepa, kilo sita kwa miezi mitatu, jamani watu walinipongeza, mama mkwe akasema sasa upasuaji umekukubali umenawiri. Nywele kukatika nikasema ni dawa ya nywele. Choo kigumu nikasema sinywi maji kwa sababu ya baridi. Hedhi ikawa nzito na ndefu nikasema ni umri. Ngozi ya miguu ikawa kama ya mtu aliyetoka kuvuna ngano kiangazi, nikanunua mafuta mazito. Uvivu, hapo ndio iliniuma, maana mimi sio mvivu na nilianza kujiita mvivu, nikirudi kazini nakaa kwenye kochi na viatu mpaka giza linaingia, mtoto anakuja anasema mama hujawasha taa.

Na majina. Nina wanafunzi sitini na kitu, majina yao huwa nayajua ndani ya wiki mbili za kwanza. Mwezi wa saba nikawa namwangalia mtoto niliyemfundisha tangu mwezi wa kwanza na jina halipo. Namnyooshea kidole tu, wewe, ndio wewe. Yule mtoto aliyeniona shingo, nilimsahau jina na yeye. Niliingia ofisini nikafunga mlango.

Mwezi wa nane nikaenda zahanati kwa sababu ya kizunguzungu, nikakutana na daktari kijana, nadhani hata hakua na miaka miwili kazini. Akapima presha, akashika mapigo akasema yanaenda taratibu sana, alafu akaangalia shingo. "Mama, hili kovu la nini?" Nikamwambia. Akaniuliza mara ya mwisho umepima TSH lini. Nikamuuliza TSH ni nini.

Akanyamaza kidogo, akaandika kwenye karatasi, akasema nenda kapime leo, usisubiri kesho.

Sasa hapa ndio nataka kukaa kidogo maana hapa ndipo watu wengi tunapotea. Majibu yalirudi TSH 23.4, na pembeni kumeandikwa kwamba kawaida ni kama 0.4 mpaka 4. Yule aliyenipa karatasi akaniambia kwa nia njema kabisa, mama homoni zako ziko juu. Nikatoka na hayo. Homoni ziko juu. Nikapita duka la dawa nikawaeleza, wakaniambia basi acha chumvi yenye madini joto, acha samaki, tezi yako inazalisha sana. Wiki nzima nilikula mboga bila chumvi nikisubiri homoni zishuke, na baridi inazidi, nikarudi kwa yule kijana nimevimba macho.

Alinieleza mara tatu sikumuelewa. TSH sio homoni ya thairoidi. Inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, pituitari, kazi yake ni kuiamuru thairoidi ifanye kazi. TSH ikiwa juu thairoidi iko chini. Nikaitikia ndio ndio kama wanafunzi wangu wanavyoitikia, nikaondoka bila kuelewa, nikaja kuelewa kwenye basi narudi nyumbani, kwa kumkumbuka baba mdogo wangu wa Mbozi.

Baba mdogo analima kwa plau na maksai wawili. Mwaka mmoja tukiwa wadogo maksai mmoja alikufa katikati ya msimu, na mvua zishaanza, hakuna hela ya kununua mwingine, akamfunga yule mmoja peke yake. Sisi tulikua nyumbani, shamba liko ng'ambo ya kilima, hatumuoni, ila tunamsikia. Siku za kawaida baba mdogo akilima anaongea na ng'ombe taratibu, neno moja moja, hata humsikii. Siku ile tulimsikia tangu asubuhi anapiga kelele, anaswaga, anaita, mpaka bibi akasema jembe haliendi huko. Hakuna aliyeona jembe. Alijua kwa kelele.

TSH ndio sauti ya baba mdogo. Thairoidi ndio maksai. Sauti ikiwa ndogo maana yake jembe linaenda vizuri lenyewe, sauti ikiwa kubwa maana yake jembe limekwama, na ukiambiwa "sauti iko juu" alafu ukaenda kumpunguzia maksai majani, ndio kosa nililofanya mimi ile wiki ya mboga bila chumvi. Kuna maksai ambao wakibaki peke yao wanaliweza jembe, na wengi wanaliweza, wanne kati ya watano. Wangu hakuliweza. Na kuna dalili mapema kwamba hataliweza: kabla ya upasuaji TSH yangu ilikua 3.6, ipo kwenye karatasi zangu za zamani, nilizikuta kwenye mfuko. Ni ya kawaida, haijavuka mstari, ila iko juu kwenye hiyo kawaida, maana yake baba mdogo alishaanza kupaza sauti hata wakati maksai ni wawili. Watu wa namna hiyo, na wale ambao damu yao ina kingamwili zinazoishambulia tezi, ndio wanaotakiwa kufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Nikaanzishiwa levothairoksini. Ni ile ile homoni ambayo tezi ingetengeneza, T4, imetengenezwa kiwandani ikawekwa kwenye kidonge, kwahiyo sio "dawa kali" kama jirani alivyonitisha, ni kumfunga maksai wa pili. Mikrogramu 50 kwa siku, baada ya wiki nane TSH ikashuka ikawa 7.8, wakaniongezea nikawa nameza kimoja na nusu, 75, wiki nane nyingine ikawa 2.1. Nilikua nauliza kwanini wiki nane zote hizo, kwanini nisipime wiki ijayo, kumbe T4 inakaa damuni muda mrefu, nusu yake inaisha kwa wiki nzima, kwahiyo ukibadilisha dozi mwili unahitaji wiki kama sita ndio utulie kwenye kiwango kipya. Ukipima mapema unapima vumbi kabla halijatua.

Na namna ya kumeza, hii ndio naisema kila mahali. Tumbo tupu, maji matupu, alafu subiri nusu saa mpaka saa nzima ndio ule. Chai na kahawa zisubiri. Mimi mwanzoni nilimeza na uji wa lishe, uji ule una soya, na soya inazuia dawa isiingie vizuri. Vidonge vya damu vyenye madini chuma, vya kalsiamu, na dawa za kupunguza asidi tumboni zikae mbali nayo masaa manne. Sasa fikiria mwanamke mwenye hedhi nzito ambaye kapewa vidonge vya damu na anavimeza asubuhi pamoja na hii, dawa anameza na haimsaidii, na ataambiwa dozi haitoshi. Mimi nikiamka saa kumi na moja kuwasha jiko nameza, mpaka maji ya kuoga yachemke na watoto waamke muda umeshapita.

Nitaje na kabichi kwa sababu nyumbani kwetu ilikua vita. Kabichi na mihogo kweli zina vitu vinavyoibana tezi, lakini ni kwa mtu anayekula nyingi sana kila siku na hana madini joto mwilini. Kabichi iliyopikwa pembeni ya ugali haikuharibii kitu, nakula. Wale wanaouza kwenye mabasi na sokoni chupa za "dawa ya goita", hapo nakuomba mikono miwili usinunue, zingine zina madini joto mengi kupita kiasi na madini joto yakizidi yanaweza kuifunga hiyo nusu uliyobaki nayo. Na mdogo wangu wa kike unayesoma hapa, kama umetolewa nusu na unataka mtoto, pima kabla, na ukishika mimba pima mapema, maana wiki za mwanzo ubongo wa mtoto unategemea homoni ya mama, na wengi walio kwenye dozi huhitaji kuongezewa wakiwa wajawazito.

Sio kila TSH iliyopanda kidogo inadai kidonge, hilo nalo niseme. Kwa wengine nusu iliyobaki inajitanua yenyewe, inazoea, TSH inarudi bila kitu. Ndio maana inapimwa na kupimwa tena.

Usiku mmoja nilisoma habari za daktari mmoja wa Uswisi, Theodor Kocher, wa mji wa Bern. Uswisi nao ni milima, nao mvua iliosha madini joto yao, nao bibi zao walikua na marovu, chumvi yao walianza kuiwekea madini joto 1922. Huyu Kocher alikua hodari wa kukata tezi, wakati upasuaji huo unaua watu wengi yeye wake wanapona, na wengine aliwatoa tezi yote. Alafu akafanya kitu kimoja, aliwaita wagonjwa wake wa zamani warudi awaone. Wakaja wamevimba nyuso, wazito, wanasikia baridi, akili zimekua nzito. Mwaka 1883 aliwaambia wenzake hadharani alichokiona, kwamba kutoa tezi yote kunawafanya watu hivi, na akaacha kuitoa yote kwa wagonjwa wa rovu. Mwaka 1891 Uingereza daktari George Murray akamchoma mgonjwa maji ya tezi ya kondoo, yule mama akaishi miaka 28 zaidi. Kocher akapewa tuzo ya Nobel 1909. Nilisoma ile sehemu ya kuwaita warudi mara nyingi. Jambo kubwa alilolijua kuhusu tezi hakulijua kwenye meza ya kukatia, alilijua mlangoni, wagonjwa wanaingia.

Wodini tulikua watatu wiki ile. Mama wa Mbalizi, mimi, na dada mmoja wa Tukuyu aliyelala kitanda cha dirishani. Wote nusu, na wote tulitoka bila tarehe. Mama wa Mbalizi nilikua na namba yake, nikampigia, akapima, TSH 1.9, yuko salama, maksai wake analima. Dada wa Tukuyu namba haikupatikana. Nilijua tu anakaa karibu na mashine ya kukoboa barabara ya kwenda Katumba, kwahiyo jumamosi moja mwezi wa pili nikapanda basi nikaenda nikawa nauliza.

Mwezi wa pili Tukuyu ni mvua na joto la mvuke, ndizi zinatoa maji, mimi nilivaa gauni la mikono mifupi na nilikua natoka jasho. Mtoto akanipeleka nyuma ya nyumba. Nilimkuta amekaa jikoni mchana wa saa nane, mlango kaufunga nusu, miguu karibu na mafiga, amejifunga vitenge viwili na sweta ndani. Akaniangalia muda mrefu akijaribu kunikumbuka. Nikamsalimia, ugonile dada, akaitikia kwa sauti nzito ambayo sio ile ya wodini. Nikakaa kwenye kigoda nikamshika mkono, ulikua wa baridi.

Nikamuuliza kama kuna mtu amewahi kumpima TSH. Akaniuliza TSH ni nini.

Jumatatu niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Tulienda wote maabara, tukasubiri kwenye benchi yeye kaegemea bega langu, na karatasi ilipotoka nilimsomea mwenyewe, taratibu, nikaanza na baba mdogo na maksai wake kabla sijamtajia namba.